MACHO YALIYOLIA



Mahubiri mengi tunayoyasikia hutoka nasi kanisani na kuagana nasi njiani, kabla hatujafika nyumbani. Hilo si kosa la wahubiri peke yao. Jua ni kali, watoto wana njaa, na akili ya mkulima iko shambani. Lakini mara chache hutokea sentensi moja inayokataa kuagana nasi. Sentensi ya namna hiyo hailiwi kama ugali. Hutafunwa kama sega la asali la misitu yetu: ukidhani utamu umekwisha, unatafuna tena na kuukuta, na mwisho unabaki na nta, ambayo nayo ina kazi yake.

Sentensi tunayotaka kuitafuna leo ni ya Mhashamu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu, aliyeuawa katika mji wake tarehe 29 Oktoba 1996. Alisema kwamba kuna mambo yasiyoweza kuonekana vizuri ila kwa macho yaliyolia.

Maneno haya yamesambaa sana tangu kifo chake. Kwa bahati mbaya yamesambaa kwa namna ya kufariji tu. Husomwa misibani ili mfiwa anyamaze, kana kwamba Askofu alitaka kutuambia kwamba machozi ni dawa na kwamba mwenye kuumia anyenyekee atulie. Sisi hatuyaelewi hivyo. Mtu aliyeyasema hakuwa mtu wa kutuliza watu wasio na haki ya kutulia.

Tukumbuke alikuwa wapi. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, zaidi ya watu milioni moja walivuka mpaka na kuingia nchi iliyoitwa wakati huo Zaire. Baadhi yao walifika Bukavu na vijiji vinavyouzunguka mji huo. Ndani ya makambi yale walikuwamo watoto wachanga, wazee, akina mama wasiomdhuru mtu. Na walikuwamo pia watu wenye damu mikononi. Ulimwengu ulichoka haraka kutofautisha. Kwa wengine wote walikuwa wauaji, kwa wengine wote walikuwa wahanga, na kila upande ulikuwa na sababu ya kutotazama kwa makini. Munzihirwa aliendelea kutazama. Aliwatetea wakimbizi kuwa ni binadamu, akawalaumu askari wa nchi yake mwenyewe waliopora raia, akapaza sauti kwa mataifa ya mbali yaliyojifanya hayasikii. Vita vilipoingia Bukavu mwezi Oktoba 1996, wenye vyeo wengi walikimbia. Yeye alibaki akiwahimiza watu watulie na wasaidiane. Wanajeshi walimuua barabarani, mahali paitwapo Nyawera. Mwaka uliofuata Zaire ikaitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na watu wake wakaendelea kufa.

Msomaji atauliza, Bukavu na Kigwa vinahusiana nini? Vinahusiana kwa njia, tena njia ya miguu. Kabla ya kupewa Bukavu, Munzihirwa alikuwa Askofu wa Kasongo, kule Maniema. Kasongo ndiyo ile iliyokuwa ngome ya Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao hapa Unyanyembe. Kutoka Kasongo na Nyangwe misafara ilishuka Ujiji, ikavuka hadi Tabora, ikapita Kigwa na Rubuga, ikaelekea Ugogo na hatimaye Bagamoyo. Askofu huyu alichunga watu ambao babu zao walipitishwa mbele ya milango ya babu zetu.

Kigwa imetajwa katika vitabu vya wageni waliopita njia hiyo. Burton na Speke walipita mwaka 1857, wakiwa safarini kwenda Kazeh, yaani Tabora. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1871, Stanley alipofika alikuta mahame. Vita vya Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa kitini na kupigana na wafanyabiashara Waarabu, vilikuwa vimeteketeza Rubuga na Kigwa. Mahame ni neno letu wenyewe, na ni neno zito: mahali ambapo moto uliwaka, watoto walicheza, mtama ulitwangwa, kisha pakabaki miti tu na vigae vya vyungu. Leo jina la Kigwa na Rubuga limeunganishwa katika jina la msitu wa hifadhi, na wengi wetu tunapita humo tukitafuta uyoga bila kujua.

Hapa inafaa tuseme kweli yote. Si kila aliyepita njia hii alikuwa na mnyororo shingoni. Wengi walikuwa wapagazi, Wanyamwezi huru waliobeba pembe za ndovu na vitambaa kwa ujira, nao walijivunia kazi hiyo. Kijana ambaye hakuwahi kufika pwani alionekana bado mtoto. Fahari hiyo ni halali na tusiifute. Lakini watumwa walipita pia, na wapo waliobaki. Matajiri wa huku, wakiwamo ndugu zetu wa damu, walinunua watu wa kuwalimia mashamba. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo mbele ya msafara mmoja yalikuwapo macho ya namna mbili: macho ya aliyefungwa, na macho ya aliyesimama kando akihesabu bei ya chumvi. Wote wawili walitazama kitu kimoja. Aliyekiona ni mmoja.

Na hii ndiyo maana ya kwanza ya maneno ya Askofu, kwa jinsi tunavyoyaelewa. Kutazama ni kazi ya jicho. Kuona kunadai zaidi. Aliyeshiba hutazama ghala tupu la jirani akaona uvivu. Mwenye hati hutazama mtu asiye na hati akaona mvamizi. Hasemi uongo, anasema alichokiona kutoka pale alipokaa. Kinachokosekana ni machozi.

Lakini tuyatafune tena. Askofu hakusema "macho yanayolia". Alisema "yaliyolia". Lugha yetu ina bahati ya kuonyesha tofauti hiyo kwa silabi moja tu. Jicho linalolia halioni vizuri. Kila mtu anajua hivyo. Maria Magdalena pale kaburini alikuwa analia, na kwa sababu hiyo alimwona Bwana akadhani ni mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake. Uchungu ukiwa mbichi hutia ukungu. Aliyefiwa jana huweza kumshtaki asiyehusika, na umati wenye uchungu huweza kuchoma nyumba isiyo ya mkosaji. Askofu alizungumza juu ya macho yaliyokwisha kulia, yakafutwa, yakafunguka tena. Kati ya "yanayolia" na "yaliyolia" kuna safari, na si wote wanaoimaliza. Wapo waliolia kisha macho yao yakaona kisasi tu. Kule Maziwa Makuu walikuwa wengi, na Askofu aliwajua. Ndiyo maana hatukubali kwamba mateso peke yake humfanya mtu kuwa na hekima.

Hajiri, yule mjakazi wa Abrahamu, ni mfano ulio karibu na njia yetu ya misafara kuliko watu wote wa Maandiko. Alifukuzwa na mwanawe jangwani, maji yakaisha katika kiriba, akamweka mtoto chini ya kichaka na kukaa mbali ili asimwone akifa, akalia. Ndipo Mungu akamfumbua macho, akaona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kiliumbwa saa ile. Yanasema alikiona.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuyaandike haya katika kijarida cha Haki na Amani, maana kuna macho mengine mekundu tusiyoweza kuyakwepa.

Katika mikoa yetu hii ya magharibi na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa miaka mingi jicho jekundu la mwanamke mzee limekuwa ushahidi wa kumuua. Tunasema ushahidi, ingawa hakuna mahakama. Mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, kijana amekosa kazi mjini. Mtu anakwenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli hatamki jina, anasema tu kwamba adui ni mwanamke, ni jirani, macho yake ni mekundu. Inayobaki ni kazi ya panga usiku. Taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ya mwaka 2013 ilitaja watu zaidi ya 700 waliouawa nchini katika mwaka mmoja kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Mwezi Julai 2017, hapa hapa mkoani Tabora, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa na miili yao kuchomwa moto. Nzega si mbali. Ni watu tunaooana nao.

Macho ya mwanamke mzee yanakuwa mekundu kwa nini? Kila mmoja wetu aliyekulia jikoni kwa mama yake anajua jibu, na ndiyo sababu hatuna udhuru. Amepika kwa kuni tangu akiwa na umri wa miaka saba au minane. Amepulizia moto wa kuni mbichi wakati wa masika, katika jiko lisilo na dirisha. Pande za Usukuma, ambako kuni zimeadimika, amepikia samadi kavu, ambayo moshi wake unauma zaidi. Huku kwetu kwenye tumbaku amekaa usiku kucha akichochea tanuri la bani ili jani likauke kwa rangi inayotakiwa sokoni. Na wengine wana ugonjwa wa macho, kama trakoma, unaoenezwa na nzi na uchafu pale maji yanapokuwa haba. Ugonjwa huo hutibika mapema, ukiachwa hupofusha. Ongezeni machozi yenyewe, ya kuzika watoto na waume. Hayo ndiyo macho yaliyolia, kwa maana ya wazi kabisa ya neno hilo, na sisi tulioshiba ugali uliopikwa kwa moshi huo ndio tunaoyageuza kuwa hukumu.

Hapo maneno ya Munzihirwa yanatugeukia kwa ukali ambao pengine yeye mwenyewe hakuukusudia. Alisema macho ya namna hiyo ndiyo yanayoona. Sisi tumeyafanya kuwa macho ya kuogopwa na kufumbwa. Inawezekana kabisa kwamba tunayaogopa kwa sababu yanaona. Bikizee yule anajua shamba lile lilikuwa la nani kabla kijana hajaliuza. Anajua mpaka ulipita wapi, nani alichukua ng'ombe wa mahari na hakurudisha, nani alimpiga mkewe mpaka mimba ikatoka. Mara nyingi tuhuma ya uchawi ikichimbwa kidogo, chini yake unakutwa urithi: mjane mwenye ekari kadhaa na wana wa kaka wa marehemu wanaosubiri. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi cha kutosha kumfanya mtu mwenye haki aulize kwanza habari za shamba.

Tutaambiwa kwamba tunadharau imani za wazee na kwamba uchawi upo. Hatutaki kubishana hapa juu ya yaliyofichika. Tunasema yaliyo wazi. Sheria ya Uchawi, ambayo ipo tangu mwaka 1928, inamtia hatiani hata yule anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi nje ya utaratibu wa sheria. Mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli wasio na kibali, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Na juu ya sheria zote hizo, Mkristo hakuruhusiwa kumuua mtu. Hata kama angeamini kwamba jirani yake ni mchawi, hakuruhusiwa. Hili ni jambo jepesi sana kulisema, na tunaona haya kulazimika kuliandika.

Tena hatuwezi kuwanyamazia wahubiri wenzetu wa siku hizi. Wako wanaopita vijijini na vipaza sauti wakiwaambia watu kwamba umaskini wao umefungwa na mtu wa ukoo wao. Hawataji jina. Hawahitaji. Wanaliacha neno lile lielee juu ya mkutano kama kengewa, na kila kichwa kinageuka kumtazama mama yake. Kati ya mhubiri huyo na mpiga ramli hatuoni tofauti ila koti na tai. Wako pia makatekista wa kwetu ambao, wakisikia tetesi juu ya bibi fulani, huacha kumpelekea Komunyo ili wasionekane wakiingia kwake. Tunalisema hili kwa masikitiko, kwa sababu kanisa likimkwepa, muuaji husoma kwamba njia ni nyeupe. Neno la mhubiri halibaki hewani. La Munzihirwa lilifungua macho ya watu hata baada ya yeye kufa. La mwingine humfumba mtu macho, na mtu huyo anakwenda kutafuta panga.

Kuna pingamizi la haki ambalo tunapenda kulijibu. Mtendaji wa kata ni kijana, hajafiwa na mtu. Hakimu ametoka mbali. Je, hawawezi kuona haki mpaka walie kwanza? Ikiwa ni hivyo basi maneno ya Askofu yanatuhukumu wote kungoja msiba. Sisi tunadhani mtu anaweza kuazima macho. Ndivyo alivyofanya Askofu mwenyewe: aliketi na waliolia, akasikiliza, akatazama kutokea pale walipokaa. Yesu naye alijua atakalomfanyia Lazaro, na hata hivyo, kabla ya kuita kaburini, alilia pamoja na dada zake. Kijana mtendaji akimtembelea mjane aliyetishwa na kukaa jikoni mwake nusu saa tu, na moto unawaka, atatoka na macho mekundu. Atakuwa amejifunza jambo ambalo semina haitamfundisha.

Majirani zetu wa Ulyankulu wangeweza kutusaidia katika kuazima huku. Walikuja kutoka Burundi mwaka 1972 wakikimbia mauaji, wakapewa pori wakalifanya mashamba. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 kati ya wakimbizi wa wakati ule na wazao wao, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya. Hata hivyo bado unasikia mnadani mtu akiitwa mkimbizi, naye amezaliwa Tabora na hajaiona Burundi. Watu hao wamebeba kumbukumbu ya jinsi jirani anavyogeuka kuwa adui kwa neno lililorudiwarudiwa. Tungewaalika katika mikutano yetu watueleze dalili zake, kabla hatujazoea sisi wenyewe.

Yapo pia mambo ya mikono. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema, lakini bibi wa miaka sabini na mitano hana miaka mingi ya kungoja, na mtungi wa gesi ukiisha atarudi kwenye mafiga. Jiko banifu la udongo lenye bomba la kutolea moshi linaweza kujengwa na vijana wa jumuiya kwa siku moja, kwa udongo wa kichuguu, majani na tofali chache. Dirisha linaweza kutobolewa katika jiko la zamani kwa saa moja. Ni kazi ndogo isiyo na sherehe, na hakuna mgeni wa heshima atakayekuja kuizindua.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo za Kigwa na vigango vyake, kabla mabani hayajaanza kuwashwa msimu huu, kila jumuiya iandike majina ya akina mama na akina bibi wanaoishi peke yao katika eneo lake, Wakristo na wasio Wakristo, bila kubagua. Majina hayo yasisomwe kanisani wala kubandikwa popote. Yaletwe kwa mkono kwa wajumbe wa Haki na Amani. Kila bibi atembelewe na watu wawili, mmoja wao akiwa mwanamke, mchana kweupe, na njia wapite ile ya katikati ya kijiji ambako watu wataona nani anaingia kwake. Waangalie jiko. Waulize habari za macho, na kama yanauma wapange siku ya kumpeleka zahanati. Waulize pia habari za shamba, na kama ametishwa. Akisema ametishwa, wasingoje Dominika. Siku hiyo hiyo wafike kwa mtendaji na kituo cha polisi, na wale wenye nafasi wakalale kwake.